Meno ya Mstahiki

Kiuyu yote hakuna mtu anayejua meno ya mnyama kama mimi. Nikimfungua mbuzi mdomo nakwambia ana umri gani, na huyo anayekuuzia anakudanganya kwa miezi mingapi. Mimi mwenyewe nimebakiwa na manne, moja linacheza, na la tano nililivunja mwaka jana nikifungulia chupa ya mafuta. Lakini ya mbuzi nayajua.

Ndiyo maana alipokuja Farheen akauliza nani mtaalamu wa mifugo hapa, watu wakamleta kwangu moja kwa moja. Hilo nalo halikuwa hivyo hasa. Walimleta kwangu kwa sababu nyumba yangu ndiyo ya mwisho pale gari inapoishia, na mvua ilikuwa inanyesha.

Farheen ni binti wa Burhan, yule mwenye duka la vitambaa Madungu, kule Chake. Babu yake ndiye aliyenikatia kitambaa cha nguo ya harusi, na akazidisha nusu yadi bila ya kuambiwa, kwa hiyo ukoo ule mimi siwezi kuusema vibaya. Msichana mwenyewe mrefu, ana miwani, amevaa viatu vya mpira hadi magotini kama anakwenda kupanda mpunga. Mkononi ana ndoo ya plastiki yenye kifuniko, ameikumbatia kama mtoto.

"Shikamoo, Bibi."

"Marahaba, mwanangu. Humo ndooni mna samaki?"

"Hapana, Bibi. Mna bufuru la kichwa."

"La nani?"

"La mnyama. Hayupo tena duniani."

"Inna lillahi," nikamwambia. "Basi mwingize ndani, asirowe."

Akacheka mpaka miwani ikamshuka puani, na toka hapo tukawa mtu na mwenziwe.

Alipofunua ndoo, ndani mlikuwa na pamba, na kwenye pamba kichwa cha rangi ya kahawia, kizito kama jiwe. Kilitolewa kwenye pango la huko juu, walikochimba wataalamu miaka miwili nyuma. Kwa maelezo yake huyo alikuwa mnyama wa kwato, katika jamii ya paa, mkubwa kama ndama wa mwaka mmoja, na jamaa zake wote wamekwisha. Si Pemba tu, ulimwengu mzima hakubaki hata mmoja wa kusimulia. Ana jina refu la kitaalamu ambalo sikuliweza. Sisi tukamwita Marehemu.

"Na wewe wamtakia nini?" nikamuuliza.

"Nataka kujua alikuwa akila nini."

"Kafa zamani zote hizo. Ukishajua, utampikia?"

Akanieleza, na nitasema kweli, alieleza kwa adabu, hakunifanya mjinga. Mnyama akiwa alikula nyasi, basi Kiuyu zamani zile ilikuwa uwanda mtupu. Akiwa alikula majani ya miti, basi ilikuwa msitu. Mwalimu wake wa chuo kikuu anaona palikuwa uwanda. Yeye Farheen anaona palikuwa msitu, na miaka miwili ya kusoma kwake yote kaiweka juu ya neno hilo moja.

"Sasa utajuaje? Tumbo hana."

"Kichwa anacho, Bibi. Tazama." Akatoa na vichwa vingine viwili kwenye mkoba, cha ng'ombe na cha paa, akaviweka juu ya mkeka wangu ambao nilikuwa ndiyo kwanza nimeupangusa. "Ng'ombe mdomo wake mpana, anafagia nyasi kwa mkupuo. Paa mdomo wake mwembamba, anachagua jani moja moja. Ng'ombe hapa kwenye pembe ya taya pana, ndipo msuli wa kutafunia unaposhika, maana nyasi ni kazi kubwa kutafuna. Na macho yake yako nyuma, mbali na mdomo, ili akiinama nyasini aone nani anakuja."

Nikatazama. Nimechunga tangu sijavunja ungo, na ya macho nilikuwa sijapata kuyafikiri.

"Sasa Marehemu mdomo wake ulikuwa vipi?"

"Ndiyo balaa yenyewe. Mdomo umevunjika wote, na pembe ya taya haipo. Yamebaki magego tu."

Akanishika kidole changu akakipitisha juu ya magego ya ng'ombe. Bapa, kama jiwe la kusagia. Akakipitisha kwenye ya paa. Nilikitoa haraka, maana yalikuwa na ncha kama msumeno. Nyasi, akasema, zina ukali ndani yake kama msasa, na vumbi juu yake, zinayala meno mpaka yanalala. Majani ya miti ni laini, jino hukatana na jino mwenzake, basi ncha hubaki kali.

"Bufuru linakwambia mnyama aliumbwa ale nini," akasema Farheen. "Jino lililolika linakwambia alikula nini kweli."

Kisha akakipeleka kidole changu kwa Marehemu. Ncha.

"Majani ya miti," nikasema.

"Na mimi ndivyo nisemavyo. Lakini mwalimu anataka nithibitishe kwanza kwa wanyama wa hapa hapa, ambao waliowafuga wapo na wanajua walikuwa wakiwalisha nini. Nikisoma meno yao nikapatia, ataniamini kwa Marehemu. Nikikosea, hataniamini."

Basi Farheen akawa mtu wa Kiuyu. Alipita kila nyumba kuomba vichwa. Wengine walimpa vile vichwa vya ng'ombe vilivyotundikwa kwenye miti mashambani kukinga jicho la hasidi, ingawa mzee Jaribu alimtazama kama aliyeombwa mlango wa nyumba. Kila kichwa alikifunga kijikaratasi, na kila mwenye mnyama akatoa kauli yake: mnyama fulani, umri fulani, chakula chake maisha yake yote kilikuwa kadha. Chini sahihi. Shida yake moja ilikuwa mbuzi. Mbuzi hapa kwetu kichwa chake hupasuliwa kwa shoka kikaingia kwenye supu, na alivyovipata vyote vilikuwa vipande vipande.

Hapo sasa ndipo nilipoingia mimi na Mstahiki.

Mstahiki alikuwa beberu langu la miaka mitano. Nilimpa jina hilo kwa sababu asubuhi alitoka kwenda kula vya watu, adhuhuri akarudi kupumzika kivulini, na hapakuwa na wa kumuuliza. Naam, nimesema alitoka. Wewe nakwambia kwa sababu huniwezi. Lakini pale kijijini ilikuwa inajulikana, na imeshahukumiwa, kwamba mbuzi wangu hafunguliwi kamba, analishwa nyasi, ukoka wa kukatiwa.

Ilihukumiwa hivi. Jirani yangu Msellem alikuwa na kitalu cha miche ya mikarafuu. Msellem ni mtu taratibu, mjane kama mimi, hasemi mpaka amalize kumeza. Miche ile aliiwekea kivuli cha makuti, akaimwagilia kwa kikopo mmoja mmoja, utadhani anawanywesha uji wagonjwa. Siku moja akakuta imekatwa vichwa, yote. Akaja kwangu, kasimama mbali na mlango, akasema: "Bi Mwanaasha, nadhani ni mbuzi wako."

Ningesema "samahani, jirani" pale pale, lingekwisha. Lakini walikuwapo watu wamekaa kwangu, na mie nikapandisha sauti. Mbuzi wangu? Mstahiki? Ambaye hajui hata ladha ya jani la mti? Nikamwita Sheha Haroub, mkubwa wa mtaa wetu, aje aone kamba ilivyo nzima, aone na rundo la ukoka. Rundo lilikuwa bichi kabisa. Lazima liwe bichi, nililikata nusu saa kabla hajafika, nimetokea mlango wa uani. Sheha akatazama, akasema: "Msellem, umemsingizia mtu mzima." Msellem akavua kofia yake, mbele ya watu saba, akaniomba radhi.

Na mimi nikamsamehe! Fikiria uso nilionao.

Toka siku hiyo Msellem hakupita tena mbele ya nyumba yangu. Akienda msikitini alizunguka kwa kisimani, njia ndefu ile. Mimi namwona kofia tu juu ya majani ya muhogo.

Sina cha kujitetea ila magoti. Ukoka wa kukata uko bondeni, na magoti yangu bonde hayalitaki. Tangu Mstahiki alipoachishwa ziwa nilikuwa nikimfungua baada ya sala ya alfajiri, anakwenda zake kwenye vichaka na viunga vya watu, na mwenyewe kwa akili yake anarudi kusimama karibu na kigingi. Miaka minne na zaidi. Kitalu cha Msellem kilikuwa siku moja tu katika siku hizo, na nadhani hata kwake yeye Mstahiki ilikuwa siku ya kukumbukwa.

Haya. Mwanangu Fahmi akapata mtoto wa kike, Nahla, na siku ya saba ikawa akika, kumchinjia mtoto. Mbuzi aliyetimiza umri alikuwa Mstahiki. Nilimfungua mdomo mwenyewe mbele ya watu kuonyesha meno ya mbele yameshabadilika, na mwenyewe akanitazama kwa jicho la kusema Bi Mwanaasha, hata wewe?

Mbuzi wa akika mifupa yake haivunjwi. Hutenganishwa kwenye viungo, ikaliwa nyama, kisha mifupa ikakusanywa yote ikazikwa, kwa kumtakia mtoto salama ya viungo vyake. Basi Farheen aliposikia akika alikuja mbio. Kichwa cha mbuzi kizima, kisicho na shoka! Akamwomba Fahmi akiazime, akivue nyama, akisome, kisha akirudishe kizikwe na wenziwe. Fahmi akanitazama mimi. Nikasema apewe, ila asikikate wala asikitoboe. Akaahidi.

"Na kauli yako, Bibi," akasema, karatasi juu ya goti. "Mstahiki alikula nini maisha yake?"

Nikainua macho. Nani amekaa mbele yangu na sahani ya wali? Sheha Haroub. Anatafuna, na masikio yote yako kwangu. Tena wali ule ulipikwa kwa nazi alizoleta mke wa jirani mwingine, akasema: "Hizi kakupeni Msellem, kasema hongera ya mjukuu, mwenyewe ana kazi hakuweza kuja."

"Ukoka," nikasema. "Wa kukatiwa."

"Hakufunguliwa kamba?"

"Hakufunguliwa. Na maganda ya ndizi siku za sikukuu."

Haya maganda sikuulizwa. Nimeshajiona, uongo wangu siku zote hunipendeza nikauvisha na hereni.

"Andika," akasema Sheha. "Ukoka ule nimeuona kwa macho yangu."

Farheen akaandika, mimi nikatia sahihi kwa mkono ule ule niliofundishwa skuli, herufi zimesimama vizuri kama zina haki.

Miezi miwili ikapita. Siku moja asubuhi nachambua mchicha, gari ikasimama, akashuka Farheen. Safari hii hana haraka. Akanisalimu, akakaa kwenye mkeka, akatoa kichwa cha Mstahiki, cheupe, safi, kimefungwa kitambaa.

"Nimekirudisha, Bibi. Kizikwe."

"Ahsante. Na wewe mbona uso umekuanguka?"

Akavua miwani akawa anaifuta, na miwani haina kitu. Akaniambia vichwa vilikuwa kumi na moja. Aliyasoma meno kwanza bila ya kutazama vijikaratasi, kisha ndiyo akafungua kauli za watu. Kumi walikwenda sawa. Wa nyasi walisomeka nyasi, wa vichakani walisomeka vichakani, hata ng'ombe wa mzee Jaribu aliyekuwa akila nusu kwa nusu alisomeka nusu kwa nusu.

"Na wa kumi na moja?"

"Mstahiki. Meno yake yana ncha kali kuliko ya wote. Yanasema majani ya miti matupu. Na kauli yako inasema ukoka."

Nikauinamia mchicha.

"Mwalimu kasema hivi: mwenye mbuzi huyu yupo, kasema kwa mdomo wake, kuna na shahidi, na meno yanamkanusha. Sasa mnyama asiye na mwenyewe tutayaaminije meno yake? Jumamosi natakiwa niandike neno la mwisho, njia yangu inafaa au haifai."

"Si umtoe huyo mmoja? Kumi si wengi?"

"Siwezi, Bibi. Nikiwatoa wasionipendeza, nitakuwa sisomi meno tena, najisomea nafsi yangu."

"Nani atajua?"

"Mimi."

Alilisema bila ya kunikusudia, na lilinichoma zaidi kwa hilo. Nikaanza kutapatapa. Nikamwambia labda ni asili yake, mama yake mzazi alitoka Mkoani, na mbuzi wa Mkoani wamekulia bandarini, wanakula hata maboksi ya abiria. Farheen akatoa daftari, akaandika: mama, Mkoani, maboksi. Akaandika kwa dhati kabisa! Mtoto wa watu, nampa takataka naye anaipokea kwa mikono miwili.

"Na wewe mwalimu wako umemjibuje?" nikamuuliza.

"Yeye aliuliza kama huenda mwenye mbuzi kasema uongo. Nikamwambia Bi Mwanaasha hawezi kunidanganya. Kosa ni la njia yangu."

Akavaa miwani yake, akasema anakwenda kuomba jembe kwa Fahmi, akizike mwenyewe kichwa kama alivyoahidi, halafu arudi Chake kuandika kwamba haifai. Miaka miwili ya mtu, kwa sababu ya magoti yangu.

Usidhani nilikuwa sijalifikiri. Lililonitisha lilikuwa Nahla. Watasema akika yake ilifanywa kwa mbuzi aliyenona kwa mikarafuu ya jirani. Wiki ile ile baada ya akika nilikwenda kwa Shehe wa chuo cha Kurani, nikamwambia: "Shehe, kuna mtu mmoja, si wa hapa, wa mbali kabisa, alikuwa na mbuzi akila vya watu, kisha akamfanyia akika. Vipi?" Shehe akafikiri, akasema: "Mwambie huyo mtu wa mbali kwamba akika ya mtoto ni sahihi, mbuzi hana la kuulizwa. Anayeulizwa ni mwenye mbuzi, akamtake radhi jirani yake." Nikashukuru, nikanyanyuka. Naye akaniita nyuma: "Bi Mwanaasha, na magoti ya huyo mtu yanaendeleaje?"

Kwa hiyo nilikuwa najua. Kujua hakukuwa shida.

"Farheen," nikamwambia, "hicho usikizike kwanza. Kikamate, twende kwa Sheha."

Sheha Haroub saa nne za asubuhi hukaa barazani kwake na bilauri ya kahawa, watu wanakuja na shida zao. Nilimwomba amwite na Msellem. Msellem akaja, akakaa ncha ya mwisho ya baraza, kofia mapajani, hanitazami. Mwaka mzima nilikuwa sijamwona karibu vile. Alikuwa kakonda.

Njia nzima nilikuwa nikilipika la kusema, na nililipika vizuri. Farheen anahitaji mbuzi aliyeonja majani ya miti. Msellem anahitaji haki yake. Na mimi ninahitaji kubaki na kitu cha kujifunika. Nikapiga hesabu nikaona yote matatu yanaingia kwenye kapu moja.

"Sheha," nikasema, "nimekuja kuungama. Ile siku ya kitalu, Msellem alisema kweli. Alikuwa Mstahiki."

Bilauri ikasimama hewani. Msellem akainua kichwa.

"Ilikuwa siku moja. Kamba ililegea, mie sikuwa na habari, mbuzi akachomoka, akaingia kwa Msellem, akala akarudi. Nilipokuja kujua, maneno yalishatoka, na nikaona haya kuyarudisha. Siku moja tu, Sheha, katika maisha yake yote. Msellem, ndugu yangu, ulinivulia kofia na mwenye haki ulikuwa wewe. Nisamehe."

Na machozi yalinitoka, tena ya kweli, sikuyatia mkono. Kwa maana ukiacha lile la siku moja na lile la kamba, mengine yote nilikuwa nayasema kwa moyo wangu.

Msellem akameza mate. "Nimekusamehe," akasema, taratibu, kama kawaida yake. Sheha akatikisa kichwa, akasema si mchezo mtu mzima kuja mwenyewe na mguu wake, na kwamba yeye naye ana deni la kumtaka radhi Msellem. Akamtaka pale pale. Wakapeana mikono. Mimi nikajifuta kwa ncha ya kanga, nikajisikia mwepesi, nikaanza hata kuiangalia ile kahawa.

"Alhamdulillahi!" akasema Farheen. Ameshatoa daftari, uso umemng'aa. "Kumbe alikula majani ya miti! Bibi, umeniokoa. Basi kauli nabadilisha. Siku..."

Kalamu ikasimama.

"Siku moja, Bibi?"

"Moja, mwanangu."

Akaitazama karatasi. Akafungua kitambaa, akatoa taya la Mstahiki, akatoka nalo uani juani, akaweka kile kioo chake cha kukuzia. Akaligeuza huku, akaligeuza huku. Msichana yule uso wake hauna mlango, kila kinachopita ndani unakiona, na nilimwona anataka kusema na hataki. Akarudi akaniinamia sikioni.

"Bibi, samahani. Siku moja hainisaidii."

"Andika hivyo hivyo," nikamnong'oneza. "Andika, mambo yaishe."

"Sema kwa sauti, bintiye Burhan," akasema Sheha. "Sisi wengine masikio mazito."

Farheen akanitazama, akamtazama Sheha, akawa mwekundu mpaka kwenye ncha za masikio.

"Chakula cha siku moja," akasema polepole, "huacha mikwaruzo tu juu ya jino. Midogo, hata kwa macho huioni, na baada ya siku chache hufutika. Ncha kama hizi haziji kwa siku moja, wala kwa mwezi. Angekuwa analishwa ukoka, zingelala zamani." Akalinyosha taya mbele, kama anayemwonyesha kila mmoja ajionee. "Haya meno yamekula majani ya miti tangu yalipoota."

Sheha akaiweka bilauri chini, kwa uangalifu, kama iliyojaa. Mimi nikaanza kutafuta kanga yangu ilikolegea.

Msellem ndiye aliyesema. Alisogea kutoka ncha ile ya baraza akaja akakaa karibu yangu, kofia yake ameivaa kichwani, na mdomoni kuna kicheko ambacho mwaka mzima sikukiona, anakizuia kisitoke na hakiwezi.

"Bi Mwanaasha," akasema, "hiyo siku moja ilikuwa ya miaka mingapi?"